Kadi ndogo, neno kubwa: namna ya kuchagua kadi ya memori ya kinasa sauti



Katika gazeti hili tumezoea kuzungumza juu ya mbegu, udongo na bei ya sokoni. Leo tunazungumza juu ya kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba: kadi ya memori, ile wengi wetu tunaita karte. Kooperative nyingi sasa ziko na kinasa sauti kidogo cha mkononi. Wanakitumia kwa mafundisho ya agronomu, kwa vipindi vya redio ya mtaa, na kwa mikutano. Chombo kinachaguliwa kwa makini, lakini kadi inanunuliwa haraka-haraka, siku ya soko, na mtu yeyote aliyekuwa anapita mjini. Tulijifunza kwa uchungu kwamba hapo ndipo shida inaingilia.

Mkutano uliopotea

Miaka michache iliyopita tulipelekea kooperative moja ya kahawa kinasa sauti. Kooperative hiyo iko kwenye vilima vinavyotazama Ziwa Kivu. Kadi hatukuipeleka. Tulisema tu: “Mtanunua wenyewe, bei yake iko chini.” Hatukueleza zaidi.

Walinunua kadi iliyoandikwa GB 32. Bei ilikuwa nzuri, muuzaji alikuwa mpole, na kinasa sauti kiliipokea bila shida. Mafundisho mawili ya kukata matawi ya kahawa yalinaswa vizuri. Mkutano wa kwanza pia ulinaswa vizuri.

Kisha ukafika mkutano mkuu wa kabla ya mavuno. Siku ile wanachama walikaa masaa matatu wakibishana juu ya jambo moja: kila kilo ya kahawa nyekundu itakatwa franka ngapi ili kutengeneza meza za kukaushia, na je, pesa hiyo itarudi wakati wa malipo ya pili, ile risturni? Mwishowe walikubaliana, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani. Katibu aliandika kwenye PV mstari mmoja: “Makato yamekubaliwa.” Hakuandika zaidi, juu alikuwa anaona kinasa sauti mezani, taa yake nyekundu inawaka.

Wakati wa risturni, watu wakagawanyika. Wamoja walisema makato yalikuwa deni, lazima yarudi mkononi mwa mlimaji. Wengine walisema yalikuwa mchango, hayarudi. Prezida wa kooperative akasema: “Basi, tusikilize sauti.” Jina la faili lilikuwepo. Tarehe ilikuwepo. Hata urefu wa masaa matatu ulionekana kwenye kioo. Lakini walipobonyeza, hakuna neno lililotoka.

Kadi ilikuwa ya uongo. Ndani yake kulikuwa GB 4 tu. Mafundisho mawili na mkutano wa kwanza vilikuwa vimekwisha kuijaza, na kila kitu kilichofuata kilitupwa hewani.

Hakuna mtu aliyekula pesa ya wanachama. Lakini kwa majuma mengi watu waliangaliana kwa jicho la pembeni, na familia kadhaa ziliacha kuleta kahawa yao, zikauza kwa wanunuzi wa kando ya barabara kwa bei ya chini. Ilibidi mkutano mkuu urudiliwe na jambo lile lile lijadiliwe upya. Sehemu ya kosa ilikuwa yetu sisi, tuliotoa chombo bila kutoa maelezo. Haya yafuatayo ndiyo maelezo tuliyopaswa kutoa siku ile.

1. Anza na chombo, si na kadi

Kabla ya kwenda sokoni, fungua kinasa sauti, angalia mahali kadi inapoingia, na usome kile kitabu kidogo kilichokuja nacho. Unatafuta majibu mawili: kadi ya umbo gani, na ukubwa gani wa mwisho.

Umbo ziko mbili. Kuko kadi ya SD, pana kidogo, yenye urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 24. Na kuko microSD, ile ndogo ya simu, milimita 15 kwa 11. Kwa mfano, kinasa sauti cha Zoom H4n kinapokea SD, lakini Zoom H1 na Tascam DR-05 vinapokea microSD. Hivi viwili vya Zoom mwisho wake ni GB 32.

Ukubwa nao una familia zake, na jina la familia limeandikwa juu ya kadi yenyewe:

- SD pekee: hadi GB 2.
- SDHC: zaidi ya GB 2, hadi GB 32.
- SDXC: zaidi ya GB 32.

Chombo cha familia ya juu kinaweza kusoma kadi za chini. Lakini chombo cha chini hakikutengenezwa kwa kadi za juu. Ukiweka kadi ya GB 64 katika kinasa sauti ambacho mwisho wake ni GB 32, mara nyingi kitakataa. Kikikubali kwa kubahatisha, usikiamini kwa mkutano wa watu. Na vyombo vya zamani sana vinaishia GB 2. Kwa hivyo msidhani kwamba kadi kubwa ndiyo kadi nzuri. Kadi nzuri ni ile chombo chenu kinajua kuisoma.

Neno moja juu ya adapta, ile nyumba ndogo inayogeuza microSD kuwa SD. Kwa kuhamisha faili kwenye kompyuta, inafaa. Kwa kunasa mkutano, tunashauri kama chombo kinataka SD, nunueni SD yenyewe. Adapta ikilegea kidogo, au vumbi likiingia kati, kazi inakatika na hakuna anayejua mpaka jioni.

2. Hesabuni masaa kwanza

Swali la pili ni: tunanasa masaa mangapi kabla ya kuhamisha sauti mahali pengine? Jibu linategemea namna ya kunasa. Vinasa sauti vingi viko na namna mbili kubwa. WAV inahifadhi sauti yote bila kuipunguza, na inakula nafasi nyingi. MP3 inapunguza, na inakula nafasi kidogo.

Kwa WAV ya kawaida, ile ya 44.1 kHz na biti 16, njia mbili za sauti, saa moja inakula karibu MB 635. Kwa hivyo:

- GB 2 inabeba karibu masaa 3.
- GB 4 inabeba karibu masaa 6.
- GB 8 inabeba karibu masaa 12.
- GB 16 inabeba karibu masaa 25.
- GB 32 inabeba karibu masaa 50.

Kama chombo chenu kinaruhusu kunasa kwa njia moja tu ya sauti badala ya mbili, masaa haya yanazidishwa mara mbili. Kwa mtu mmoja anayeongea, njia moja inatosha kabisa.

Kwa MP3 ya kbps 128, saa moja inakula karibu MB 58 tu. Kadi ya GB 2 inabeba zaidi ya masaa 30, na ile ya GB 8 inabeba zaidi ya masaa 130.

Tunashauri hivi. Mkutano unaonaswa kwa kumbukumbu, tumieni MP3 ya 128, maneno yatasikika vizuri. Sauti inayokwenda redioni, tumieni WAV, juu fundi wa redio ataikata na kuiunganisha, na MP3 ikipunguzwa mara ya pili inaanza kuharibika.

Sasa fanyeni hesabu yenu. Kooperative inayofanya mkutano mmoja wa masaa matatu kwa mwezi, na mafundisho mawili ya masaa mawili, inanasa masaa 7. Hata yote yakiwa WAV, kadi ya GB 8 inatosha kwa mwezi mzima. Ndiyo maana tunasema: badala ya kadi moja kubwa, nunueni kadi mbili za GB 8 au GB 16. Moja ikiharibika, nyingine iko. Mlimaji hapandi mbegu yake yote katika shamba moja la bondeni.

3. Mwendo: msilipe bure

Juu ya kadi kuko namba ndani ya alama kama herufi C: 2, 4, 6 au 10. Hiyo inaonyesha mwendo wa chini kabisa wa kuandika, kwa MB katika sekunde moja. Kadi ya 4 inaandika angalau MB 4 kwa sekunde, ya 10 inaandika angalau MB 10. Nyingine ziko na alama ya U yenye 1 au 3 ndani, yaani MB 10 au MB 30.

Muuzaji atawaambia kwamba ya bei kubwa ndiyo ya lazima. Kwa video, anaweza kuwa na haki. Kwa sauti, hapana. WAV tuliyotaja hapo juu haifiki hata MB 0.2 kwa sekunde. Kadi ya 4 ya kweli inatosha, na ya 10 ndiyo ya kawaida sokoni leo. Pesa mnayotaka kuongeza kwa mwendo, iongezeni kwa kununua kadi ya pili, au kwa kununua mahali pa kuaminika.

4. Kadi ya uongo inafanya nini?

Ndani ya kila kadi kuko kifaa kidogo ambacho chombo kinakiuliza: “Uko na nafasi kiasi gani?” Watapeli wanabadilisha jibu. Kadi yenye GB 4 inafundishwa kujibu “GB 32”, kisha inabandikwa jina la kampuni inayojulikana. Kinasa sauti hakina namna ya kujua kwamba kimedanganywa. Kinaendelea kuandika, taa inawaka, dakika zinahesabika. Nafasi ya kweli ikiisha, sauti mpya inapotea, au inafunika ile ya zamani. Hili ndilo lililowapata wenzetu wa kahawa.

Alama za kuwatia shaka:

- Bei iko chini sana kuliko kwa wauzaji wengine wote.
- Kadi iko wazi, bila pakiti yake.
- Maandishi yamefifia, yamepinda, au jina la kampuni limekosewa herufi.
- Kadi imeandikwa SDHC, lakini inasema GB 64. Familia hiyo inaishia GB 32, kwa hivyo mmoja wa maneno hayo ni uongo.
- Muuzaji anakataa kutoa faktire, au anakataa kubadilisha kadi ikionekana mbaya.

Lakini angalieni jambo moja, msimshitaki muuzaji bure. Kadi ya kweli ya GB 32 inaonyesha karibu 29.8 kwenye kompyuta, ya GB 16 inaonyesha 14.9, na ya GB 8 inaonyesha karibu 7.4. Hiyo si wizi. Kiwanda na kompyuta vinahesabu GB kwa namna mbili tofauti.

5. Mtihani kabla ya kuamini

Macho peke yake hayatoshi. Watapeli wengine wanachapisha pakiti vizuri kuliko kiwanda. Kadi mpya lazima ifanyiwe mtihani kabla ya kazi ya kwanza, kama vile tunavyojaribu mbegu chache kuona zitaota ngapi.

Kama mko na kompyuta, au mnaweza kwenda kwa nyumba ya sekretaria publiki, ombeni programu ya bure inayoitwa H2testw, ya Windows. Kwa Linux na Mac kuko F3. Programu hizi zinajaza kadi yote, kisha zinasoma tena kila kitu zilichoandika, na mwishowe zinasema wazi: nafasi ya kweli ni hii. Fanyeni hivyo kadi ikiwa tupu.

Kama programu hazipatikani, kuko njia ya mkono:

1. Jazeni kadi mpaka mwisho kwa nyimbo tofauti-tofauti au video. Msinakili wimbo mmoja mara nyingi, juu nakala zikifunikana hamtagundua.
2. Toeni kadi nje, kisha mrudishe. Msipoitoa, kompyuta au simu inaweza kuwachezea kutoka kumbukumbu yake yenyewe, si kutoka kadi.
3. Chezeni faili za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zote zikisikika mpaka mwisho, kadi iko vizuri. Moja ikikataa, rudisheni kadi kwa muuzaji siku ile ile, pamoja na faktire.

Ndiyo maana tunasema: anayetumwa mjini kununua kadi asinunue dakika ya mwisho, gari likiwa tayari linapiga honi. Apewe muda wa kufanya mtihani kabla ya kurudi kijijini.

6. Kadi ikishafika nyumbani

Kufomati kadi kunafanywa ndani ya kinasa sauti chenyewe, si kwenye simu wala kompyuta, ili chombo kiipange kadi kwa namna yake. Lakini kumbukeni: kufomati kunafuta kila kitu. Hamisheni kwanza.

Msitoe kadi wala batri wakati taa ya kunasa inawaka. Faili ambayo haikufungwa vizuri mara nyingi haifunguki. Kabla ya mkutano mrefu wekeni batri mpya, na naseni dakika moja ya majaribio, kisha muisikilize kwa sikio. Kuona taa si kusikia sauti.

Kadi ya SD iko na kifungo kidogo ubavuni. Kikishushwa upande wa kufunga, kadi haiandikiki tena. Mkutano ukiisha, kishusheni, hapana mtu atakayefuta kwa bahati mbaya. Lakini siku chombo kikikataa kunasa, angalieni kwanza kifungo hicho kabla ya kwenda kwa fundi.

Jioni ile ile, au kesho yake, nakilini sauti mahali pawili: kwenye kompyuta na kwenye fleshi ya USB, au kwenye simu ya mtu aliyechaguliwa na kamati. Kadi ni kama kikapu cha kubebea mavuno, si ghala. Iwekeni katika kisanduku chake, mbali na jua, maji na vumbi, na kila kadi iwe na herufi yake, A au B, na ukurasa wake katika kaye ya katibu: tarehe, mkutano gani, dakika ngapi, nani alinakili.

Na kama mtu amefuta faili kwa kosa? Simamisheni kazi mara moja, msinase kitu kingine juu ya kadi ile. Mara nyingi sauti bado iko ndani mpaka ifunikwe na nyingine, na programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuirudisha. Kwa kadi ya uongo, hapana dawa. Kile ambacho hakikuandikwa hakirudi.

7. Sauti haichukui nafasi ya PV

Hapa tunarudi kwa wenzetu wa kahawa. Hata kadi yao ingekuwa ya kweli, PV yao ilikuwa na mstari mmoja. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na kooperative zetu zinafuata sheria yake: maamuzi ya mkutano mkuu yanaandikwa na kutiwa sahihi. Sauti ni msaada wa katibu, inamkumbusha maneno aliyokosa kuandika, na inamwezesha mama asiyesoma kusikia mwenyewe kile kilichosemwa. Lakini haimpumzishi katibu kalamu.

Na kabla ya kubonyeza, ulizeni watu: “Tunanasa, mnakubali?” Mtu akitaka kusema jambo la nyumba yake au la shamba lake bila kunaswa, zimeni. Kooperative ikikosa heshima hiyo, mkutano ujao watu watakaa kimya.

Leo kooperative ile iko na kadi mbili za GB 8, zilizofanyiwa mtihani. Mama mweka hazina ndiye anazihifadhi, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko. Mkutano mkuu uliofuata, katibu alisoma PV kwa sauti kubwa kabla ya watu kuondoka: kiasi cha makato, kwa kilo ngapi, na kwamba yatarudi. Kinasa sauti kilinasa kusoma kwenyewe, pamoja na wanachama wakiitikia. Kisha wakasikiliza dakika moja, hapo hapo uwanjani, kabla ya mtu yeyote kukunja kiti.

Tunawaomba kila kooperative yenye kinasa sauti ichukue kadi yake juma hili na kuifanyia mtihani, hata kama ni ya miaka miwili na haijaleta shida. Mkigundua kitu, mwambieni animateri wetu akipita kwenu, tutawashirikisha wengine katika toleo lijalo. Mavuno mema.